George Stephenson: injinia wa reli aliyesoma vitabu vya mwanawe

Abiria wanaopanda treni ya SGR pale Miritini hawana haja ya kujua kwamba nafasi iliyoko baina ya vyuma viwili vya reli ile ni milimita 1,435. Ni kipimo cha ajabu. Hakifiki mita moja na nusu, wala si mita moja kamili kama reli ya zamani iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Ukiuliza kilikotoka, utapelekwa hadi kwenye mgodi mmoja wa makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, kwa fundi mmoja ambaye alipofika umri wa miaka 18 alikuwa hajui hata kuandika jina lake.

Fundi huyo ni George Stephenson. Ulimwengu humwita baba wa reli, na sifa hiyo hakupewa bure. Leo tungependa kumkumbuka pia kama baba wa mtu, maana alikuwa na mtoto mmoja tu aliyemsalia, Robert, na ukiyatazama vizuri maisha ya mzee huyu utaona kwamba kazi zake nyingi kubwa zimefungamana na malezi ya kijana huyo.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 katika kijiji cha Wylam, kama maili tisa magharibi ya mji wa Newcastle. Babake alikuwa mchochea moto wa injini ya mvuke iliyokuwa ikivuta maji kutoka mgodini ili wachimbaji wasizame. Mshahara wake ulitosha chakula, basi. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja cha nyumba waliyogawana na wafanyakazi wengine, na mbele ya mlango ilipita njia ya reli za mbao ambayo farasi walikuwa wakivutia mabehewa ya makaa kuelekea mtoni. Waliowahi kuona picha za zamani za Mombasa, zile za troli zikisukumwa na watu juu ya reli nyembamba mjini, watafahamu jambo hili: reli ilikuwepo kabla ya injini ya kupita juu yake.

Baba na mama wote wawili hawakujua kusoma, na pesa za kumpeleka mtoto shule hazikuwepo. Kazi yake ya kwanza George ilikuwa kuchunga ng'ombe wa mjane mmoja kwa peni mbili kwa siku. Kisha akachambua mawe kwenye makaa, akaongoza farasi, akawa msaidizi wa babake kwenye moto wa injini. Alipofika miaka 17 alikabidhiwa injini yake mwenyewe huko Newburn, cheo kilichompita babake. Wenziwe wakipumzika, yeye huifungua injini kipande kwa kipande, akaisafisha, akairudisha. Ndivyo alivyojifunza. Lakini aliona pia kwamba kuna mambo ya injini yaliyoandikwa vitabuni, na vitabu kwake vilikuwa mlango uliofungwa. Akaanza kulipia masomo ya usiku, mtu mzima mwenye mikono ya makaa, akijifunza herufi na hesabu. Hesabu alizopewa na mwalimu alizifanya kazini, kando ya moto.

Mwaka 1802 alimuoa Frances Henderson, na wakahamia Willington Quay. Mshahara wa mgodini haukutosha, kwa hivyo jioni alishona viatu na kutengeneza saa za watu. Tarehe 16 Oktoba 1803 akazaliwa Robert. Miaka miwili baadaye wakapata binti, akaishi wiki chache tu. Mwaka 1806 Frances naye akafariki kwa kifua kikuu.

Hapo George alikuwa na miaka 25, mjane, na mtoto wa miaka miwili na ushei. Alipata kazi ya kuangalia injini huko Montrose, Scotland, akamwachia mtoto mwanamke mmoja wa pale kijijini amlee, akaenda. Inasimuliwa kwamba safari hiyo aliifanya kwa miguu. Aliporudi baada ya miezi kadhaa alikuta babake amepofuka kwa ajali ya mvuke mgodini na hawezi tena kazi. Akalipa madeni ya mzee, akawachukua wazazi wake karibu naye. Mara akachaguliwa kwa kura kwenda jeshini, maana Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon, na akiba iliyobaki ikaisha kwa kumlipa mtu wa kwenda badala yake. Wakati huo aliwaza kuhamia Marekani. Hakuwa na nauli.

Dadake Eleanor, ambaye alikuwa hajaolewa, ndiye aliyekuja West Moor, Killingworth, akamlea Robert. Historia humtaja kwa mstari mmoja akina dada kama hawa. Bila shangazi huyo sidhani kama tungekuwa na habari ya kusimulia.

Bahati ilimjia mwaka 1811. Kwenye shimo moja la Killingworth palikuwa na injini ya kuvuta maji iliyoshindwa kazi, na mafundi walioitwa hawakuifaulu. George alisema anaweza kuitengeneza. Akaachiwa, akaifungua, akairekebisha, na shimo likakauka. Mwaka uliofuata akafanywa fundi mkuu wa mitambo ya migodi yote ya wenye mali wale kwa pauni 100 kwa mwaka. Kwa mtu aliyeanza na peni mbili, hiyo ilikuwa dunia nyingine.

Pesa hizo alizipeleka wapi? Kwa mtoto. Robert alisoma kwanza shule ya kijiji cha Long Benton, kisha akatiwa kwenye shule ya kulipia ya Dkt. Bruce mjini Newcastle, walikokuwa wakisoma watoto wa watu wenye nafasi. Ilikuwa mwendo wa maili kadhaa, na kijana akienda kwa miguu mpaka babake alipomnunulia punda. Watu wa Lamu hawatacheka hapa. Mwanafunzi akipanda punda kwenda shule, na begi la vitabu mgongoni, akirudi na lafudhi ya mjini ambayo babake hakuwahi kuipata.

Robert alijiunga pia na jumuiya ya elimu na fasihi ya Newcastle iliyokuwa na maktaba nzuri. Alikuwa akiazima vitabu vya sayansi akavileta nyumbani, na vile visivyoruhusiwa kutoka akavinakili, pamoja na michoro yake. Usiku baba na mwana hukaa pamoja na kusoma. Mtoto anasoma, mzee anauliza. Mzee anaeleza jinsi chuma kinavyofanya kazi hasa, mtoto anatafuta kanuni yake kitabuni. Wazazi wengi tunalipa karo na kuona tumemaliza. Huyu alilipa karo ya mtu mmoja wakasoma wawili. Mwaka 1816, kwa kutumia hesabu alizozipata Robert shuleni, walichonga pamoja saa ya jua wakaiweka juu ya mlango wa nyumba yao West Moor.

Katika miaka hiyohiyo George alifanya mambo mawili yaliyomtangaza. Mwaka 1814 aliunda injini yake ya kwanza ya kutembea kwenye reli, akaiita Blücher. Ilivuta tani 30 kupanda mlima kwa mwendo wa maili nne kwa saa. Hakuwa wa kwanza; Richard Trevithick alikuwa ameshaendesha injini ya mvuke kwenye reli miaka kumi nyuma. Tofauti ni kwamba Stephenson hakuacha. Akaunda nyingine, na nyingine, akirekebisha kila mara, na kuangalia si injini peke yake bali reli iliyo chini yake pia.

Jambo la pili lilikuwa taa. Migodini kulikuwa na gesi inayolipuka ikikutana na moto, na mchimbaji hawezi kufanya kazi bila ya mwanga. Mwaka 1812 mlipuko mmoja katika mgodi wa Felling, karibu na Newcastle, uliua watu 92, wakiwemo watoto. George akabuni taa ambayo hewa huingia kwa matundu membamba kiasi cha kutopitisha mwali nje. Mwezi Oktoba 1815 aliingia nayo mgodini Killingworth, ikiwaka, akaisogeza mpaka kwenye ufa uliokuwa ukitoa gesi, mbele ya mashahidi. Angekosea, Robert angebaki yatima akiwa na miaka 12.

Wakati huohuo mwanasayansi mkubwa wa London, Humphry Davy, alitoa taa yake inayofanana na hiyo. Davy alizawadiwa pauni 2,000, na George akashutumiwa kwamba ameiba, kwa sababu watu wa London hawakuamini kwamba fundi wa mgodini asiyesoma chuo angeweza kubuni kitu kama kile. Watu wa kwao walimtetea, wakamchangia pauni 1,000. Baadaye, mwaka 1833, kamati ya Bunge ilikubali kwamba alikuwa na haki sawa na Davy. Jeraha lakini lilibaki. Tangu hapo hakuwaamini wataalamu wa maneno, na nadhani hapo ndipo alipokata shauri kwamba mwanawe hatadharauliwa hivyo. Robert alipomaliza shule akawekwa chini ya msimamizi wa mgodi ajifunze kazi, kisha mwaka 1822 akapelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa muda wa miezi sita.

Basi tuje kwenye biashara. Mwaka 1821 Bunge lilipitisha sheria ya kujenga reli kati ya Stockton na Darlington, na mfanyabiashara Edward Pease akamchukua George kuwa injinia wake. George alipima njia upya, Robert akiwa msaidizi wake. Ilipofika kuchagua reli, George alikuwa na hisa katika hataza ya reli za chuma cha kusubu, pamoja na mshirika wake William Losh. Angezichagua hizo angepata pesa nzuri. Lakini reli zile zilikuwa zikikatika, na palikuwa na fundi mwingine, John Birkinshaw, aliyetengeneza reli ndefu za chuma cha kufuliwa zilizo imara zaidi. George akawaambia wenye kampuni wanunue za Birkinshaw. Alikosa kama pauni 500 na urafiki na Losh ukavunjika. Sijui ni makandarasi wangapi wa leo, huku kwetu au kwingine, wangefanya hivyo.

Mwaka 1823 yeye, Robert, Pease na Michael Longridge walifungua karakana katika mtaa wa Forth Street, Newcastle. Ilikuwa kampuni ya kwanza duniani kuanzishwa mahsusi kwa kuunda injini za reli. Inaelezwa kwamba sehemu ya mtaji wa George ilikuwa zile pesa alizochangiwa kwa ajili ya taa. Na jina la kampuni? Robert Stephenson na Kampuni. Jina la baba lilikuwa linajulikana tayari, la kijana bado. Robert alikuwa na miaka 19, na ndiye aliyekabidhiwa uongozi.

Mwaka mmoja tu baadaye, Juni 1824, Robert akapanda meli kwenda Colombia, Amerika Kusini, kwa mkataba wa miaka mitatu kwenye migodi ya fedha. Kwa nini aliondoka wakati karakana changa inamhitaji, watu wamebishana mpaka leo. Wapo wanaosema alitafuta afya, maana kifua chake kilikuwa dhaifu kama cha mamake. Wapo wanaosema alichoka kuishi chini ya kivuli cha mzee mwenye hasira za haraka na neno la mwisho. Mimi naona sababu ya pili ina uzito. George alikuwa baba mwenye mapenzi, lakini hakuwa mtu rahisi. Vijana kadhaa wenye vipawa waliofanya kazi chini yake, Joseph Locke mmoja wao, waligombana naye. Mtoto uliyemsomesha ili awe mtu, siku moja atataka kuwa mtu.

Pengo lake lilionekana mapema. Reli ya Stockton na Darlington ilifunguliwa tarehe 27 Septemba 1825, George mwenyewe akiendesha injini ya Locomotion, na mamia ya watu wakiwa wamejazana juu ya mabehewa. Lakini miezi michache kabla ya sherehe hiyo alikuwa amefedheheka vibaya London. Alikuwa ameteuliwa kujenga reli ya Liverpool na Manchester, na akaitwa mbele ya kamati ya Bunge kuulizwa maswali na mawakili. Vipimo vilichukuliwa na wasaidizi, yeye hakuvihakiki, na vilikuwa na makosa. Kuhusu daraja la mto Irwell hakuweza kujibu sawasawa. Wakili Edward Alderson alimkamua kwa siku kadhaa, na lafudhi yake nzito ya kaskazini ikawa kichekesho, kama vile mzee wa Siyu asimamishwe mbele ya mawakili wa Nairobi waliokuja tayari kumcheka. Mswada ukaanguka. Mtu ambaye angesoma zile hesabu na kuzitetea kwa lugha ya mawakili alikuwa milimani Colombia.

Mswada wa pili ulipita 1826 kwa vipimo vya wengine, na George akarudishwa kazini. Karakana ya Newcastle ilidorora, na washirika wakamwandikia Robert wakimsihi arudi. Alirudi mwisho wa mwaka 1827. Njiani, katika bandari ya Cartagena, alikutana na Trevithick yuleyule, amefilisika na hana cha kurudia kwao, akampa pauni 50 za nauli. Kisha meli ya Robert mwenyewe ikavunjika kabla ya kufika New York, akanusurika. Fikiria mzee aliyekuwa akingoja barua.

Yaliyofuata yalikuwa ya wawili. George alishika njia. Kati ya Liverpool na Manchester kulikuwa na kinamasi kikubwa, Chat Moss, ambacho wataalamu waliapa kwamba hakuna reli itakayosimama juu yake. Mawe na udongo vilimwagwa vikazama. Akatandika matawi na majani ya porini yaliyosukwa kama mikeka, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia ikaelea juu ya tope. Robert alishika injini. Wenye reli walipotangaza mashindano ya pauni 500 kule Rainhill, Oktoba 1829, karakana ilileta Rocket, yenye mabomba madogo mengi ndani ya bwela badala ya moja kubwa, wazo lililotoka kwa Henry Booth, mtu wa kampuni ya reli. Ilifika karibu maili 30 kwa saa, na ndiyo peke yake iliyomaliza mashindano bila kuharibika.

Reli ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Siku hiyo mbunge William Huskisson aligongwa na Rocket, na George akamkimbiza kwa injini nyingine kutafuta daktari, lakini akafariki jioni ileile. Hata hivyo watu walikuwa wameshaona kasi, na nchi nyingine zikaanza kuagiza injini kutoka Forth Street. Injini zikienda, kipimo cha reli huenda nazo: futi nne na inchi nane, upana wa njia ya mgodi wa Killingworth, na nusu inchi iliyoongezwa kule Liverpool. Mwaka 1846 sheria ya Uingereza ikakifanya ndicho kipimo rasmi cha reli mpya, na leo zaidi ya nusu ya reli za dunia zinakifuata. Waingereza walipokuja kujenga ya kwetu walitumia mita moja, kama reli nyingi za India, ndiyo maana cha Stephenson kilichelewa kufika Mombasa mpaka 2017.

Uzeeni George aliishi Tapton House, Chesterfield, akiwa na migodi ya makaa na matanuri ya chokaa. Alikataa cheo cha heshima cha Serikali. Alikuwa na nyumba za vioo za kilimo, akipanda mananasi katika nchi ile ya baridi, na matango yaliyomuudhi kwa kupinda akayakuzia ndani ya mirija ya vioo mpaka yakanyooka. Mkewe wa pili, Elizabeth, alifariki 1845. Akaoa tena Januari 1848, na tarehe 12 Agosti mwaka huohuo akafariki kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 67. Alizikwa Chesterfield.

Hakuwahi kuliona daraja kubwa la Newcastle wala la Britannia kule Wales, ambayo Robert aliyakamilisha katika miaka miwili iliyofuata. Wala hakuona mwanawe akiitwa Misri kujenga reli ya Alexandria hadi Cairo, ya kwanza katika Afrika, kwa kipimo kilekile cha Killingworth. Robert alifariki tarehe 12 Oktoba 1859 akazikwa Westminster Abbey. Mkewe alikuwa ametangulia miaka mingi, na hawakupata mtoto. Karakana iliendelea kuunda injini, na jina la mlangoni likabaki lilelile alilochagua mzee, mpaka karne iliyofuata.